Daftari la Eluned

Mvua ya Llandysul hainyeshi, inakaa.
Imekaa juu ya paa la banda, juu ya kofia yangu,
juu ya fomu niliyoikumbatia ndani ya nailoni
kama mshenga aliyebeba barua ya posa.

Nimetumwa na baraza kupima.
Kipimajoto nakilaza chini, pale tumbo linapolala,
si juu ukutani ambako joto hujidai.
Nyuzi ishirini na moja. Naandika.
Futi ya chuma naivuta toka ukutani hadi mlangoni;
Nansi, koo anayenyonyesha, anaifuata kwa macho,
kisha anaweka kidevu juu yake,
na kwa muda chumba hakina urefu.

Eluned Probert, miaka sitini na minane,
buti la kushoto limezibwa kwa mpira wa baiskeli,
hasemi karibu. Anasema, "Chovya viatu."
Beseni la dawa liko kizingitini.
Nachovya.

Daftari lake limelambwa pembe hadi likalainika.
Nansi, uzao wa tatu, watoto saba.
Mmoja hakuvuta pumzi, amezikwa karibu na mtufaha.
Waliobaki wana uzito wao, asubuhi na jioni, kwa gramu.
Mwenye utepe wa kijani alipungua siku ya pili:
chupa saa nane usiku, chupa saa kumi, chupa alfajiri,
na mwandiko unalegea kadiri usiku unavyokwenda.

Ukurasa mmoja una mstari mmoja.
*Carys. Picha ya eksirei. Nyonga mbovu. Hazai.*
Dume bingwa alikuwa amekwisha kulipiwa.
"Pesa zilirudi?"
"Hazikurudi. Andika."

Mali bila daftari hupotea bila habari, tunaambiwa.
Mimi nimeona mama bila daftari.
Bonde la pili kutoka hapa, nyuma ya zizi la ng'ombe,
koo thelathini na mmoja gizani,
na hakuna aliyebweka.
Uvundo ningeuvumilia. Kile kimya ndicho bado nalala nacho.
Nilimbeba mmoja nje, nikamweka nyasini.
Akainua mguu, akainua mwingine,
kama aliyekanyaga makaa.
Mwenye shamba akaniuliza kama natumia sukari kwenye chai.

Kwa Eluned wanabweka hata namwomba arudie maneno.
Kifyonza vumbi kinanguruma jikoni bila kufyonza chochote,
watoto sita wamelala kando yake.
"Wazoee," anasema,
anafungua mwavuli ghafla mbele yao, anaufunga, anaufungua.

Simu inalia. Mtu wa Cardiff, anataka wawili kwa Krismasi.
Mchana nani yuko nyumbani?
Hapana.
Hapana, bwana, hata ukiongeza.
Piga tena Februari, kama bado utawataka.

Halafu komeo la geti la pili: limelegea.
Nalitikisa mara mbili nikitumaini nimekosea.
Lazima liandikwe, na likiandikwa nyota moja inashuka,
leseni ya miaka mitatu inakuwa ya miwili.
Anasoma nilichoandika, midomo ikienda pole pole.
"Tangu Jumanne," anasema. "Umeliona vizuri."
Anatoa bisibisi mfukoni mwa aproni.
Kumbe alikuwa nayo muda wote.

Nakunja fomu. Sehemu moja haikupata mahali:
kando ya jiko, juu ya sweta kuukuu,
yule niliyembeba. Kule alikuwa namba kumi na tisa.
Huku anaitwa Tesni.
Hazai, hauzwi, haingii kwenye hesabu yoyote ya baraza.
Ananifuata hadi uani,
anasimama pale saruji inapoishia.

Eluned ananiashiria kwa bisibisi: usimwite.

Mvua imekaa juu yetu sote.
Anaweka mguu mmoja nyasini.
Gari langu liko wazi, nina mabanda mawili kabla ya jioni.
Nasubiri wa pili.